Namba za Juu na za Chini Kwenye Word Bila Kushika Mausi

Kila muhula ukikaribia kwisha, walimu wanaingia steshenari yetu hapa Ngamiani na flashi zao shingoni, na swali ni lile lile: "Dada, hiyo mbili ya H₂O unaishushaje upesi hivyo?" Zamani nilikuwa namwonyesha mmoja mmoja. Siku hizi foleni ya fotokopi inafika barazani, na wateja wa Tanga ni waja leo waondoka leo, kila mtu anataka aondoke na kazi yake mkononi. Basi nimeamua kuandika, atakayeuliza nimpe karatasi.

Tuelewane majina kwanza. Ile 2 ndogo iliyokaa chini kwenye H₂O nitaiita namba ya chini. Iliyopanda, kama kwenye m² au 10³, nitaiita namba ya juu. Walimu wa hesabu wataniambia hiyo ni kipeo, na ni kweli, ila si kila kinachopanda ni kipeo: alama ya chaji kwenye Na⁺ nayo iko juu. Word za wengi wetu ni za Kiingereza, na humo ya chini imeandikwa Subscript, ya juu Superscript. Nadharia imeishia hapo.

Uwe na nini kabla hujaanza

- Kompyuta ya Windows yenye Microsoft Word. LibreOffice na Google Docs nimeziwekea sehemu yao mbele.
- Kibodi yenye kitufe cha = kinachofanya kazi. Sitanii. Kwenye laptopu za mtumba kitufe hicho huwa kimekufa na mwenyewe hajui, maana si kitufe cha kila siku. Kibonyeze sasa hivi uone.
- Kazi yenyewe: mtihani, ripoti ya maabara, mkataba wa kiwanja, chochote chenye hizi namba.
- Nakala ya pili ya faili, kwa jina jingine. Hatua ya 4 inabadilisha vitu vingi kwa mkupuo mmoja, na ukikosea utaitafuta ile ya kwanza.

Hatua ya 1: Vitufe viwili vya kushika kichwani

Namba ya chini: Ctrl na =
Namba ya juu: Ctrl na Shift na =

Kitufe cha = kiko mstari wa juu wa kibodi, jirani na Backspace. Usitumie alama ya kujumlisha iliyo upande wa kulia pamoja na namba za kikokotoo, hiyo ni nyingine.

Tujaribu na chokaa. Mapango ya Amboni yako kwenye mawe ya chokaa, na sijaona mwalimu wa kemia mjini hapa asiyekuwa na swali la chokaa kuchomwa. Tunataka hii:

CaCO₃ → CaO + CO₂

1. Andika CaCO, usiweke nafasi.
2. Bonyeza Ctrl na =, kisha achia. Kwenye karatasi hakibadiliki kitu, lakini ukitazama juu, ndani ya Home, utaona kitufe cha x₂ kimekolea rangi. Maana yake swichi imewashwa.
3. Andika 3.
4. Bonyeza Ctrl na = tena. Swichi imezimwa.
5. Weka nafasi, halafu endelea na mshale, CaO, alama ya kujumlisha na CO₂ kwa mtindo huo huo.

Hiyo namba 4 ndiyo watu wanayoisahau. Wanaandika 3, wanaendelea, wanainua macho na kuona mstari mzima umezama chini kama mashua iliyotoboka. Hapo usifute kitu. Tia kivuli (yaani chagua) kilichozama, bonyeza Ctrl na kitufe kirefu cha nafasi, kitarudi kawaida. Ila ujue kwamba Ctrl na nafasi huondoa pia kukoza (Bold) na kulaza (Italic) uliyoweka kwa mkono, kwa hiyo usitie kivuli aya nzima ukapoteza na mengine.

Makosa mawili mengine nayaona kila siku. La kwanza ni kushusha namba inayotangulia: kwenye 2H₂O, ile 2 ya mwanzo ni idadi ya molekuli, inabaki kubwa. La pili ni kuandika sifuri mahali pa herufi O. H20 na H2O kwenye skrini ni kama pacha, lakini Hatua ya 4 hapo chini haitaiona hiyo yenye sifuri, na wewe utabaki unailaumu Word.

Hatua ya 2: Kama maneno yameshachapwa

Mwandiko wa mtu mwingine umekuja, namba zote zimesimama mstari mmoja. Wengi wanashika mausi, wanaivuta juu ya tarakimu moja nyembamba, inakwepa, wanavuta tena. Acha hiyo.

1. Peleka kishale, kile kistari kinachomweta, kushoto kwa tarakimu kwa vitufe vya mishale.
2. Shika Shift, piga mshale wa kulia mara moja. Tarakimu imepata kivuli.
3. Ctrl na =.
4. Nenda kwenye tarakimu nyingine, itie kivuli, bonyeza F4. F4 hurudia kitendo cha mwisho ulichofanya. Kwenye laptopu nyingi itabidi ushike Fn pamoja nayo, la sivyo utajikuta umepunguza sauti ya spika.

Kama unapenda mausi hata nikikukataza, basi uitumie hivi: chagua tarakimu ya kwanza, shika Ctrl bila kuachia, chagua ya pili, ya tatu, ya nne, popote zilipo. Ukimaliza, Ctrl na = mara moja, zote zinashuka pamoja. Kwa ukurasa wenye namba saba au nane hakuna njia iliyo nyepesi kuliko hii.

Hatua ya 3: Ifundishe Word ifanye yenyewe

Hapa ndipo muda unapookoka, na hapa ndipo wengi hawafiki. Mwalimu wa kemia anaandika H₂O na CO₂ maisha yake yote. Anayeandika mikataba ya viwanja anaandika m² maisha yake yote. Hakuna sababu ya kubonyeza swichi mara mia moja kwa kitu kile kile.

1. Andika H₂O mara moja, vizuri, kwa Hatua ya 1.
2. Tia kivuli H₂O peke yake. Usichukue nafasi iliyo mbele yake wala mwisho wa aya.
3. Fungua File, halafu Options, halafu Proofing, halafu AutoCorrect Options.
4. Kwenye kisanduku cha With utaikuta H2O imeshaingia. Juu yake kuna vidoti viwili. Hakikisha kilichochaguliwa ni Formatted text. Ukiacha Plain text, itakumbuka herufi tu na kuisahau namba ya chini, na kazi yote itakuwa bure.
5. Kwenye Replace andika kifupisho chako. Mimi naandika h2oz.
6. Bofya Add, kisha OK.

Sasa andika h2oz na ubonyeze nafasi. Imegeuka H₂O.

Hiyo z ya mwisho ni ujanja wangu, na nina sababu. Kiswahili hakina neno linaloishia na z, kwa hiyo kifupisho chenye z hakigombani na neno lolote. Ningeweka m2 tupu, siku mteja anapotaka abaki na m2 yake ya kawaida, labda ni jina la kundi au namba ya kitalu, Word ingeigeuza na mimi nisione. Kwangu zipo h2oz, co2z, caco3z, h2so4z, m2z, m3z na cm3z. Za fizikia nimeweka ms2z itoe m/s². Zaidi ya hapo sijahitaji. Ukiwa na vifupisho hamsini utatumia muda kuvikumbuka.

Kuna kitu kimoja cha kuangalia: acha nafasi kati ya kiasi na kifupisho. Ukiandika 400m2z kwa kubana, Word inaona neno moja refu na haigusi. Andika 400, nafasi, m2z, nafasi. Na ndivyo vipimo vinavyotakiwa kuandikwa hata hivyo, kiasi kikiachana na kizio chake.

Vifupisho hivi vinakaa kwenye kompyuta uliyoviweka. Ukihamia ya jirani havitakufuata kwenye flashi. Na kama wakati wa kufunga Word unaulizwa kuhusu kuhifadhi mabadiliko ya Normal, kubali. Vifupisho vyenye muundo vinahifadhiwa humo.

Hatua ya 4: Mtihani mzima kwa mkupuo

Hii ni ya yule anayeleta kurasa kumi na mbili zilizochapwa nyumbani, H2O imejaa kila mahali, na yeye amesimama kaunta anatazama saa.

1. Tengeneza H₂O moja tu iliyo sahihi, popote ndani ya faili.
2. Itie kivuli, Ctrl na C.
3. Ctrl na H. Kwenye Find what andika H2O ya kawaida.
4. Kwenye Replace with andika ^c. Alama ya kwanza ni kile kijikofia kilichopo kwenye kitufe cha 6, unakipata kwa Shift. Maana yake ni "weka nilichonakili".
5. Bofya More, weka tiki kwenye Match case.
6. Replace All.

Rudia kwa CO2, kisha kwa nyingine, kila moja na nakala yake.

Sasa tahadhari, na hizi nimezilipia. Kinachobandikwa kinakuja na sura yake: ukinakili H₂O ya fonti ndogo, hata iliyoko kwenye kichwa cha habari kilichokozwa itakuwa ndogo na nyembamba. Baadaye pitia vichwa vya habari. Pili, H2O2 itakuwa H₂O2, nusu imeshuka nusu imebaki, kwa hiyo itafute peke yake kwa mzunguko wa pili. Tatu, na hii ndiyo mbaya, usibofye Replace All kwa m2. Ndani ya "m20" kuna m2. Ndani ya "m25" kuna m2. Mkataba wenye kiwanja cha m20 kwa m25 utatoka na m²0 kwa m²5, na muuzaji na mnunuzi wote wataweka sahihi bila kutazama. Kwa m2 bofya Find Next, tazama, ndipo ubofye Replace. Pole pole.

Hatua ya 5: Namba mbili zinazokaa sehemu moja

Ayoni ya salfeti ina 4 chini na 2⁻ juu. Kwa swichi za kawaida zitafuatana, SO₄²⁻, na kwa mitihani mingi hiyo inatosha. Mimi huiacha hivyo. Mwalimu akisisitiza zikae moja juu ya nyingine:

1. Bonyeza Alt na =. Kisanduku cha mlinganyo kitafunguka.
2. Andika "SO"_4^(2-) pamoja na hizo alama za kunukuu, kisha bonyeza nafasi.

Kistari cha chini kinashusha, kijikofia kinapandisha, mabano yanashika pamoja vinavyopanda. Alama za kunukuu zinazuia SO isilazwe, maana ndani ya kisanduku hiki Word hudhani kila herufi ni x au y ya aljebra. Kwa isotopu, zenye namba upande wa kushoto, nenda kwenye menyu ya Script iliyo juu ya kisanduku na uchague umbo lenye visanduku viwili vya kushoto.

Aljebra yenyewe ni rahisi humo: x^2 na nafasi, umemaliza.

Hatua ya 6: Kazi ikitoka nje ya Word

Mwaka fulani nilichapa mtihani wa fizikia wa shule ambayo siitaji. Chaji ya elektroni, 1.6 × 10⁻¹⁹ C, niliiweka sawasawa kwenye Word. Mwalimu akaniomba nimtumie maswali WhatsApp ayahakiki. Nikanakili, nikabandika, nikatuma. Yeye naye akayachukua kule WhatsApp, akayatia kwenye kompyuta yake, akaprinti. Karatasi ikaingia darasani imeandikwa 1.6 x 10-19. Mtoto mmoja akafanya alichokiona: kumi na sita, toa kumi na tisa, jibu hasi tatu. Nani wa kumlaumu? Mwalimu alinilaumu mimi, na nilinyamaza.

Sababu ni kwamba swichi za Word hupamba namba, haziibadilishi. Ukiibandika mahali pasipojua mapambo hayo, namba inarudi mstarini. 10⁶ inakuwa 106, nayo inaonekana sahihi kabisa. Kwa kazi itakayosafiri hivyo, tumia herufi ambazo zimezaliwa juu au chini. Kwenye Word andika msimbo, kisha bonyeza Alt na X:

- ¹ ni 00B9, ² ni 00B2, ³ ni 00B3
- ⁰ ni 2070, na kuanzia ⁴ hadi ⁹ ni 2074 hadi 2079
- ⁺ ni 207A, ⁻ ni 207B
- kuanzia ₀ hadi ₉ ni 2080 hadi 2089

Mtego uko hapa. Unataka C₆, unaandika C2086, Alt na X, na inatoka alama ya ajabu au haitoki kitu. Ni kwa sababu misimbo hii hutumia pia herufi A hadi F, na Word imedhani C ni sehemu ya msimbo. Vivyo hivyo ukibandika msimbo mgongoni mwa 10. Dawa yake: tia kivuli zile nne za msimbo tu, ndipo Alt na X.

Mwenye kibodi kubwa anaweza kushika Alt na kupiga 0178 kwa ² au 0179 kwa ³ upande wa kikokotoo, Num Lock ikiwa imewaka. Kwenye simu ya Android yenye kibodi ya Google, shikilia 2 bila kuachia, ² itajitokeza.

Excel haina swichi ya kitufe kimoja kwa hili. Ingia ndani ya kisanduku kwa F2, tia kivuli tarakimu, Ctrl na 1, weka tiki kwenye Superscript au Subscript, OK. Inakubali kwenye maneno tu. Kwenye kisanduku cha hesabu haitakubali.

Kwa wasiotumia Word

LibreOffice Writer: ya juu ni Ctrl, Shift na P, ya chini ni Ctrl, Shift na B. Alt na X inafanya kazi humo pia.

Google Docs: ya juu ni Ctrl na nukta, ya chini ni Ctrl na mkato. Ukizoea hizi mbili utazipenda kuliko za Word, mimi nazipenda.

Ikigoma

*Nabonyeza Ctrl na =, ukurasa unakuwa mkubwa tu.* Uko kwenye Google Docs ndani ya kivinjari, na huko kitufe hicho hukuza ukurasa. Bonyeza Ctrl na 0 urudishe, halafu utumie mkato na nukta.

*Mistari imeachana, mmoja uko mbali na mwenzake.* Aliyechapa alipunguza saizi ya fonti na kuinua namba kwa mkono. Tia kivuli hiyo namba, Ctrl na nafasi, kisha tumia swichi.

*10⁻³ imekatika, 10 na kistari mwisho wa mstari, 3 mstari unaofuata.* Badala ya kistari cha kawaida, bonyeza Ctrl, Shift na kistari. Hicho hakikatiki.

*Yametoka maboksi matupu mahali pa ₂.* Fonti uliyochagua haina herufi hiyo. Weka Calibri au Cambria.

*1st imejipandisha yenyewe kuwa 1ˢᵗ.* Word inadhani inakusaidia. Ctrl na Z mara moja, itaishusha na kuacha maneno kama yalivyo.

*Milinganyo imekuwa picha, haihaririki.* Faili limehifadhiwa kwa mfumo wa zamani wa .doc, na huko visanduku vya Alt na = hugeuzwa picha. Rudi kwenye ile nakala ya pili niliyokuambia utunze, uihifadhi kama .docx. Kama hukuitunza, njoo na karatasi uliyoprinti, tutaichapa upya, ila asubuhi kabla foleni haijaanza.